Tundu Kwenye Redio ya Baba

Saa mbili kasorobo asubuhi nilikuwa nimeshasimama mbele ya kibanda cha fundi redio, gari linanguruma, mlango wa kibanda umefungwa. Alipotokea mwenyewe na funguo mkononi, alikuja kwa mwendo wa mtu aliyetoka kushiba. Mtaani wanamwita Subiri. Hakuna aliyekaa akabuni jina hilo. Ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja, basi limemganda.

"Fundi, saa sita kamili gari hili linatakiwa liwe barabarani," nikamwambia kabla ya salamu.

"Umeamkaje, dada?"

"Nimeamka vizuri. Saa sita kamili."

"Subiri nifungue mlango kwanza."

Mimi kazi yangu ni kuendesha gari la mkate. Saa kumi na moja alfajiri napakia, saa moja na nusu nimeshamaliza maduka yote ya upande wetu, na wenye maduka wanajua kwamba ukinichelewesha kufungua mlango nitauacha mkate kizingitini na maneno juu yake. Ndiyo tabia yangu, siikatai. Baba alikuwa akisema nilizaliwa injini ikiwa imeshawashwa. Sasa kumwona yule bwana anafuta miwani, anaivaa, anaivua tena aifute upande wa pili, damu ilinichemka.

Shida yangu haikuwa ndefu. Gari ni la baba, la zamani, na redio yake ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani: stesheni na kaseti, hakuna kingine. Nilitaka simu yangu isikike kwenye spika za gari. Redio mpya sikuitaka, kwa sababu kwenye gari lile redio na vitufe vya feni ni bamba moja. Ukitaka kuweka nyingine lazima ukate dashibodi, na hiyo ni kazi ya siku mbili na fedha nisiyokuwa nayo. Nilitaka njia rahisi, na nilitaka leo.

"Unataka usikilize muziki?" Subiri akauliza.

"Sio muziki. Nataka baba asikike."

Akanitazama. Ikabidi nikae kwenye kigoda nimweleze, ingawa kukaa kwenyewe sikutaka.

Mama yetu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na juu ya hapo kumbukumbu zimeanza kumtoroka. Kukisia mwanga anakisia, lakini uso wa mtu haoni. Tulisubiri miezi saba kupata nafasi kwenye hospitali ya macho, safari ya saa nne kwa gari, na nafasi yenyewe ilikuwa kesho yake asubuhi. Ilitakiwa tufike leo, mapokezi wanafunga saa kumi na nusu. Daktari alitoa sharti moja tu: mgonjwa asipewe dawa ya usingizi. Akifika nayo mwilini hawamgusi, anarudishwa nyumbani, na foleni inaanza upya.

Na mama kwenye gari hatulii. Mwezi uliopita tulipompeleka kupimwa alifungua mlango gari likiwa kwenye kasi. Kaka yangu, aliyekuwa amekaa nyuma yake, alimdaka kwa nguo. Mkono wa gauni ukabaki kiganjani mwake. Kumkalisha nyuma haiwezekani, anatapika. Kaka ni mfamasia, mtu wa vipimo, na baada ya siku ile alitoa hukumu yake: dawa atakuwa nayo mfukoni, mama akishika kitasa cha mlango mara tatu, anampa. "Bora abaki kipofu kuliko tumzike," alisema. Nilimjibu vibaya sana, nikaanza kutafuta njia nyingine.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtuliza mama, nacho ni sauti ya baba. Baba alifariki mwaka juzi. Kabla ya hapo aliniachia gari, na siku aliyonikabidhi alinitumia ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, maelekezo matupu. "Habari za asubuhi. Hii ni kuhusu klachi. Klachi si kigoda, usipumzishe mguu juu yake." Nyumbani nikiiweka simu mezani na kumwachia aongee, mama anaacha kuzunguka chumbani, anakaa, anasikiliza huku vidole vyake viwili vikisuguana, gumba na cha shahada, tabia aliyoanza tangu mwaka jana ambayo hatukujua imetoka wapi.

"Anamgombeza nani huyo?" huwa anauliza.

"Mimi, mama."

"Pole, dada," huwa ananijibu, kwa heshima zote, kwa sababu hanijui.

Sasa ndani ya gari simu haisikiki, injini inaimeza. Tulinunua spika ndogo ya kuchaji; mama aliipapasa, akahisi inatetemeka mapajani, akaitupa dirishani. Tulijaribu kile kidude kinachochomekwa kwenye kiberiti cha gari ili simu ishikike kama stesheni. Kikatuletea baba na mhubiri kwa pamoja, wanashindana. Tukajaribu kaseti yenye waya, redio ikaitema. Ndiyo nikaja kwa Subiri.

Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Halafu akasema, "Kaseti ikitemwa, tuingie nyuma yake."

Alifungua dashibodi kwa kipande cha plastiki na subira ya kuudhi. Skrubu moja moja aliipanga kwenye kifuniko cha chupa. Redio ilipotoka, akachomoa soketi za nyuma, akaifungua tumbo mezani, akaniita nione. Sauti ya kaseti, alinieleza, inatoka kwenye kichwa kinachosoma utepe, inapita kwenye nyaya mbili, moja ya spika za kushoto na moja ya kulia, ndipo inakwenda kukuzwa. Yeye angezikata zile mbili, aunganishe pale nyaya za simu, na ya tatu ya kurudishia umeme aikamatishe kwenye bati. Redio haitajua. Itadhani inapiga kaseti, mradi tu kuna kaseti ndani inayozunguka.

"Kaseti gani?"

"Yoyote. Hata bubu." Akavuta droo, akatoa moja isiyo na karatasi wala jina. "Yenyewe haitasikika. Kazi yake ni kuzunguka tu."

Akawasha chuma cha kulehemu, akasubiri kipate moto. Mimi nilitoka nje, nikalizunguka gari, nikapiga teke tairi ambalo halikuwa na kosa, nikarudi. Chuma bado. Nikatoka tena. Jirani yake anayeuza vioo aliniuliza kama nimepoteza kitu. Saa nne na robo lehemu ilianza kuyeyuka, na kwa kweli mikono yake ilipoanza haikuwa na uzembe. Nyaya nyembamba kama nywele alizishika mara moja na zikashika. Tundu la pini alilitoboa kwenye kifuniko cha kisahani cha majivu, mahali ambapo baba alikuwa anaweka risiti na vijiti vya meno. Saa tano na dakika kumi redio ilirudi mahali pake.

Akawasha. Kioo cha redio kikaonyesha vistari vitatu, vinapepesa.

"Inataka namba ya siri," Subiri akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa raha. "Hizi redio, ukizitoa umeme zinadhani zimeibwa. Nilisahau kukuuliza. Mwenye gari ndiye huwa anaiweka."

"Mwenye gari yuko makaburini!"

"Namba tatu. Ukikosea mara nyingi inajifunga moja kwa moja."

Nilisema maneno ambayo muuza vioo aliyasikia. Halafu nikampigia kaka. Kaka akaanza kukisia: mwaka wa kuzaliwa, namba ya nyumba. "Wewe mfamasia mzima unakisia?" nikamfokea. Akaacha kukisia, akasema taratibu, "Si alikutumia maelekezo yote yule mzee? Hakusema lolote la redio?"

Alisema, pengine. Sikujua, kwa sababu ujumbe mmoja sikuwahi kuufungua.

Siku ile baba alinitumia nane mfululizo, nikiwa kazini, mikono imejaa kreti za mkate. Baada ya wa nane nikamwandikia: Baba nimeelewa, basi. Dakika moja baadaye ukaingia wa tisa. Nikaudharau. Wiki moja baadaye baba akafariki, na tangu hapo nimeshindwa kuugusa. Mama husikiliza nane tu. Nilikuwa na aibu, na bado ninayo.

Niliubonyeza pale pale, nimesimama, Subiri amegeuza uso akijifanya anatafuta bisibisi.

"Umesema basi," sauti ya baba ikasema. "Haya, huu ndio wa mwisho, usinune. Redio ikikuuliza namba, weka ile ya mama yako ya kazini. Nyingine..."

Nikaikata. Saa ilikuwa inakimbia na namba ya mama ya kazini sikuijua. Mama alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha nyuzi, mpaka kilipofungwa. Kadi zake zilishaliwa na panya. Nikampigia tena kaka, nikamwambia amuulize. Niliweka sauti kubwa, Subiri naye akasogea.

"Mama," nikamsikia kaka, "namba yako ya kazini ilikuwa ngapi?"

Mtu ambaye asubuhi ile alishindwa kujua kijiko kinashikwa upande gani alijibu bila kuvuta pumzi: "Mia nne kumi na saba, zamu ya mchana. Kwani nimechelewa?"

Subiri akabonyeza nne, moja, saba. Redio ikawaka.

Tulichomeka simu, tukaingiza kaseti bubu, na baba akatoka kwenye spika nne, mzima mzima, anagomba kuhusu klachi. Nilicheka kwa sauti. Halafu nikawasha injini, nikachomeka na chaji, maana simu yangu bila chaji haimalizi saa mbili, na hapo ukazuka mluzi. Mwembamba, nyuma ya sauti ya baba. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka.

"Chaji na redio vinagombania waya mmoja wa kurudishia," Subiri akasema. "Kuna kichujio, kinauzwa kule sokoni. Subiri nikifuate. Saa moja tu, mluzi wote unaisha."

Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Sisubiri."

"Dada, kazi haijaisha. Utanitangaza vibaya."

"Nitakutangaza malaika. Nipe funguo."

Alinipa, lakini alibaki amesimama mlangoni akitikisa kichwa, na nilipogeuza gari bado alikuwa ananionyesha kidole kimoja, yaani saa moja, saa moja tu.

Mama alikuwa ameshavalishwa gauni la bluu na sweta, mkoba tupu kwapani. Tulimkalisha mbele, tukamfunga mkanda. Kaka akakaa nyuma yake na begi lake mapajani. Sikulitazama lile begi. Saa sita na dakika kumi tulikuwa tumeuacha mji.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Baba aliongea, mama akatulia, vidole vikisuguana. Nikamwangalia kaka kwenye kioo, nikampandishia nyusi. Kaka akanionyesha kiganja: ngoja kwanza.

Mama akageuza kichwa. "Mbona baba yenu amekaa nyuma?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nyumbani sauti inatoka mezani, mbele yake. Humu ilikuwa inatoka kila upande, na zaidi kule nyuma, kwenye spika kubwa za juu ya buti.

"Amekasirika?" mama akauliza. Akafungua mkanda, akageuka mzima mzima, akanyoosha mkono nyuma, akaukuta uso wa kaka. Akaupapasa kidevu, mashavu. "Huyu siye. Huyu hana ndevu. Mmempeleka wapi?" Na mkono wake wa pili ukaenda kwenye kitasa.

Kaka aliuwahi. "Moja," akasema.

"Usinihesabie!"

"Moja," akarudia.

Nikakumbuka kuna kitufe cha kuhamishia sauti mbele. Nikakizungusha hadi mwisho, spika za nyuma zikazima. Nikajiona mjanja. Tatizo ni kwamba spika za mbele za gari lile zimo ndani ya milango, chini, usawa wa goti. Baba alikuwa amefika kwenye maelezo ya oili. "Ukisikia inagonga, usipuuze," alikuwa anasema, kutoka kwenye mlango wa mama.

Mama aliinama, akaweka sikio pale. Uso ukambadilika.

"Yuko nje!" akapiga kelele. "Mfungulieni! Mnamwacha nje, mnaondoka na gari!"

Alikishika kitasa kwa mikono yote miwili na mlango ukafunguka, upepo ukaingia wote ndani. Nilikanyaga breki, kaka akajitupa juu ya kiti, akamkumbatia mama na kiti chake. Lori lililokuwa nyuma lilitupita likipiga honi ndefu. Tulisimama pembeni, mlango wazi, mama analia na kumwita baba kwa jina la utani ambalo sisi watoto hatukutakiwa kulijua.

"Mbili," kaka akasema.

Nilisimamisha ujumbe wa baba. Nilitaka kuing'oa simu na waya na redio yote niitupe kichakani. Saa nne za kibandani, namba za siri, kisahani cha baba kimetobolewa, na kumbe nilikuwa namtengenezea mama sababu ya kujirusha barabarani. Hata mluzi nao sikuusubiria fundi auondoe. Nilifunga mlango wake, nikamfunga mkanda, nikamwambia nilichokuwa namwambia siku zote, maana mimi kumdanganya mama sijawahi kuweza: "Mama, baba hayupo. Amefariki. Ni sauti tu."

"Mwongo," mama akasema.

Tukaondoka kimya. Yaani baba alinyamaza, mama akanyamaza, lakini simu ilibaki kwenye chaji na waya ulibaki kwenye tundu, na ule mluzi ulibaki. Sasa hakuna kilichoufunika. Kilima kirefu kilikuwa mbele yetu. Nikashusha gia, nikakanyaga, mluzi ukapanda ukajaza gari. Kwenye kioo nilimwona kaka anafungua zipu ya begi, anatoa kichupa, anakishikilia.

"Bado hajashika," nikamwambia.

"Atashika. Ona mkono."

Kweli mkono wa mama ulikuwa umeinuka. Ulikwenda mpaka karibu na kitasa, ukasimama hewani. Kichwa chake kiliinama upande mmoja, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha mbali.

"Nani yuko kwenye hizi mashine?" mama akauliza.

Sauti haikuwa ile ya kulia. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kazi.

"Wewe, mgeni," akanigeukia mimi, "unaziacha zinapanda hivi, uzi wote utakatika. Shusha."

Tulikuwa tumefika juu ya kilima. Nikaachia mafuta kidogo, mluzi ukashuka.

"Hapo," mama akasema. "Shikilia hapo hapo."

Mkono ukarudi mapajani. Vidole viwili vikaanza tena kusuguana, na safari hii niliona vizuri vilichokuwa vinafanya: vinaokota ncha mbili za uzi, vinaziunga, vinaachia, vinasogea hatua moja pembeni, vinaokota tena. Mwaka mzima tulikuwa tunamshika mkono ule tukidhani ni ugonjwa.

Nilishikilia hapo hapo. Nilikuwa naendesha gari kwa masikio. Kila gia ilikuwa na sauti yake na mama aliijua iliyo sawa. Nikizidisha ananigombeza, nikipunguza ananigombeza. "Mgeni huyu hana masikio," alimwambia kaka. "Mmemtoa wapi?"

"Ametoka kwenye mkate," kaka akajibu.

"Ndiyo maana."

Kaka akacheka, cheko la mtu aliyekuwa karibu kulia, na kichupa kikarudi kwenye begi. Mimi nilitukanwa njia nzima na sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

Mahali fulani barabara ilikuwa inatengenezwa, magari yamesimamishwa upande mmoja na mwenye bendera nyekundu. Injini ikashuka, mluzi ukafifia, na mama akaanza kugeuza kichwa huku na huku, mkono unapapasa mlango. Nikaondoa gia, nikakanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Mluzi ukarudi. Mwenye bendera akanikodolea macho, akanifanyia ishara ya kwamba akili yangu haiko sawa. Tulisimama dakika ishirini pale, nachoma mafuta bure, wasafiri wa magari mengine wameteremsha vioo wananishangaa, mama anaunga nyuzi zake ametulia tuli. Kwa maisha yangu yote, hiyo ndiyo foleni pekee niliyokaa bila kupiga honi.

Tuliingia kwenye uwanja wa hospitali saa kumi na dakika kumi na nane. Niliegesha karibu na mlango wa mapokezi kadiri nilivyoweza, nikazima gari.

Mluzi ukafa. Mama akaacha vidole. Ukimya ule uliniogopesha kuliko kilima, na kaka naye nikasikia anavuta zipu ya begi.

"Zamu imekwisha?" mama akauliza.

"Imekwisha, mama."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Akaupapasa mkoba wake, akauweka kwapani. "Yupo getini?"

Nilijua anamuulizia nani. Miaka ishirini na sita baba alimngojea kwenye geti la kiwanda, na baiskeli yake, kila zamu. Sisi watoto tulikuwa tunaijua sauti ya ile kengele. Na mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni, lile lile la siku zote. Nililimeza.

"Yupo," nikasema.

Nikachomoa simu kwenye tundu. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango wake, nikasimama hatua mbili mbele, upande wa mapokezi, simu mkononi, ndogo, bila spika za gari. Nikabonyeza ujumbe wa tisa, pale nilipokuwa nimeukatia.

"Nyingine," baba akasema, "ukifika unakokwenda usizime gari ghafla, liache lipumue. Zima. Shuka. Funga mlango taratibu, si mlango wa jela huo. Na mama yako akiwa ndani usimharakishe, nakujua wewe. Mimi nimemngoja getini miaka yote ile na sikumpigia kengele ya kumharakisha hata siku moja. Nilikuwa napiga ajue nipo. Anatoka kwa wakati wake. Haya. Basi, kama ulivyosema."

Sikuweza kuona vizuri. Kaka aliteremka, akaja upande wangu, akaniangalia na yeye macho yake yako vile vile. Kwa ndani, nyuma ya kioo cha mapokezi, mwanamke mmoja alikuwa anakusanya mafaili yake.

"Wanafunga," kaka akaninong'oneza. "Tumshike mikono tumtoe."

"Subiri," nikamwambia.

Mama alifungua mkanda mwenyewe. Akatoa mguu mmoja, akaugusisha chini, akatafakari, akatoa wa pili. Akasimama, akanyoosha gauni. Halafu akageuka, akaupapasa mlango wa gari mpaka akaupata ukingo wake, akausukuma kwa viganja viwili, taratibu, hadi ukafunga bila sauti, akaja kule sauti ilikotoka.